Nilipofika Isongole bila kupiga simu

Kwa miaka sita, kila nilipotaka kwenda Isongole kumwona baba, nilipiga simu siku mbili kabla. Mtu wa hadhi yangu haibuki tu nyumbani kama mtu aliyeshindwa maisha mjini. Watu wanahitaji kujiandaa. Uwanja unafagiliwa, kuku anakamatwa, mchele unaagizwa dukani, na majirani wanapata sababu ya kupita pale kusalimia. Nikishuka kwenye gari langu, tena naliendesha mwenyewe, nilitaka kukuta watu wamesimama. Niliwakuta kweli, na nililipenda jambo hilo. Sioni sababu ya kulificha.

Nilikuwa na haki ya kulipenda. Niliondoka Isongole katikati ya miaka ya themanini nikiwa na cheti cha darasa la saba na viatu vya kuazima. Biashara ndiyo kwanza ilikuwa imelegezwa kamba. Nilivuka Tunduma kwenda Nakonde nikiwa nimebeba dagaa kichwani, nikarudi na vitenge, nikavuka tena, mpaka safari moja nikaenda mbele zaidi na sikurudi. Kule Kitwe, Zambia, niliuza mchana na kusoma jioni. Nilianza masomo ya sekondari nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa na watoto watatu. Kisha nikaingia chuo cha uuguzi, nikatoka na stashahada. Sikupewa na mume, wala na mjomba, wala na kanisa. Nilipoamua kurudi, nilijenga nyumba Tunduma na kufungua duka la dawa mtaa wa Sogea. Stashahada yangu niliiweka kwenye fremu juu ya kaunta, mahali ambapo hata dereva wa lori aliyeingia kununua dawa ya kichwa alilazimika kuiona. Wazambia walikuwa wakinisalimia "Mulishani, sister," kisha wananyanyua macho na kuisoma.

Miaka mingi nilifanya kazi wodi ya wanaume wazee. Pale ndipo nilipojifunza kuusoma mwili wa mtu asiyeweza kujisemea. Alama ya kamba haifanani na alama ya kuanguka. Kidonda cha kulalia ubavu mmoja kinakueleza kwa siku ngapi mtu hakugeuzwa. Mzee anayemtazama mtoto wake kabla ya kukujibu, huyo ana jibu lingine. Siku moja walikuja kwetu ndugu wawili wakimleta baba yao mdogo, wakisema ameteleza bafuni. Mimi ndiye niliyewatoa nje, nikamsikiliza mzee, nikaandika ripoti iliyowafikisha polisi. Muuguzi mkuu aliisoma mbele ya wauguzi wanafunzi, akawaambia ripoti huandikwa hivyo. Nilikuwa mtu wa kuitwa palipokuwa na mashaka.

Baba yangu alipata kiharusi mwaka mmoja baada ya mama kufa. Mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi, ulimi ukawa mzito, lakini alizungumza ukimpa muda. Nyumbani alikuwapo mdogo wangu wa kiume, mtoto wa mwisho, ambaye mimi ndiye niliyemsomesha mpaka kidato cha nne. Alikuwa na mke, akilima shamba la kahawa la baba, na alikuwa akivuka mto Songwe kununua na kuuza vitu upande wa Malawi. Tulikubaliana kwamba yeye atamtunza baba, na mimi nitaleta kila kinachohitajika. Nilileta godoro zito. Nilileta kiti cha magurudumu kutoka Lusaka, cha kwanza kuonekana kata nzima. Nilileta mablanketi, soksi, sabuni ya dawa, koti la sufu.

Kila nilipofika nilimkuta baba uwanjani, kwenye kiti changu, ndani ya koti langu, na blanketi magotini. Mdogo wangu alimlisha kwa kijiko mbele ya wageni, akimpangusa mdomo kwa kitambaa.

"Mtazameni huyu," majirani walisema. "Watoto wa siku hizi hawafanyi hivi."

"Nimefundishwa na dada," alijibu, na mimi nilijaa fahari.

Leo naweza kuyasema niliyoyaona. Blanketi lilikuwa bado na mikunjo ya dukani, ingawa nilikuwa nimelileta miezi minane kabla. Baba alivaa soksi mchana wa jua kali. Dole gumba lake la kushoto lilikuwa na wino wa zambarau, na nilipouliza, mdogo wangu akasema ni karatasi za chama cha ushirika wa kahawa. Kila nilipomuuliza baba swali, macho yake yalikwenda kwanza kwa mwanawe. Haya yote yalipita mbele ya mtu mwenye stashahada, naye alikuwa anakula kuku.

Kitu kimoja tu kilinikera katika ziara hizo, nacho ni wifi yangu. Hakuja uwanjani hata mara moja. Alinisalimia akiwa nyuma ya jiko, amepiga magoti, khanga imefunika kichwa mpaka kwenye pua. Chakula cha baba alimpa mumewe akipeleke. Nilimwona mvivu na mwenye dharau. Nilimwambia mdogo wangu, "Mkeo anajisikia sana," naye akacheka akasema, "Ndivyo alivyo, dada. Mzoee."

Ziara moja, mdogo wangu alikwenda dukani kuniletea soda. Baba alinishika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akiniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Mama," alisema polepole. "Ukiondoka, nafungwa."

"Unafungwa nini, baba?"

"Mguu. Nafungwa mguu."

Alianza kulia, na mimi nikamtazama machoni kama nilivyozoea kuwatazama wagonjwa. Niliona mzee aliyepata kiharusi, analia bila mpangilio. Nilimpapasa begani. "Hakuna anayekufunga, baba. Mguu umekufa ganzi, ndiyo maana unahisi kama umefungwa." Alifungua mdomo kuendelea, nikamwambia apumzike. Mdogo wangu aliporudi na soda, nilimvuta pembeni, karibu na jiko, nikamweleza kitaalamu kwamba mishipa ya ubongo ikikosa damu ya kutosha, mzee huanza kusema mambo ambayo hayapo.

"Akisema kitu cha ajabu usibishane naye," nilimwambia. "Mwitikie tu, yapite."

"Nashukuru umeniambia, dada. Nilikuwa naogopa kukueleza. Wakati mwingine anasema nampiga."

"Wewe?"

"Mimi."

Tukacheka kidogo, kwa huruma, kama watu wawili wanaobeba mzigo mmoja. Nilirudi Tunduma jioni hiyo nikijisikia nimefanya kazi yangu.

Miezi mitatu minne baadaye, mama mmoja wa Isongole anayeleta maharage Tunduma alipita dukani kwangu. Alinunua vidonge vya minyoo, akasitasita, kisha akasema, "Wifi yako amenituma. Anasema siku moja uje bila kupiga simu."

"Kwani mimi mgambo?" nilimjibu. "Yeye anayejificha jikoni ndiye wa kunifundisha namna ya kwenda kwa baba yangu?"

"Mimi nimetumwa tu," alisema, akachukua vidonge vyake akaondoka.

Sikupiga simu kuuliza maana ya ujumbe ule. Nilijua maana yake, au nilidhani najua. Alikuwa amechoka kupika kwa ajili ya ujio wangu.

Siku niliyofika bila kupiga simu sikuipanga. Nilikuwa nimekwenda Itumba, makao makuu ya wilaya, kufuatilia barua fulani. Siku hiyo, kwa maajabu, mhusika alikuwapo ofisini na muhuri ulikuwapo. Saa tatu na nusu asubuhi nilikuwa nimemaliza. Simu yangu ilikuwa imeishiwa chaji. Nikajisemea, nimeshafika mpaka hapa, ngoja nimwone baba.

Uwanja haukuwa umefagiliwa. Hapakuwa na mtu. Kiti cha magurudumu hakikuwa nje. Nikaita hodi, kimya. Nyuma ya nyumba, upande wa ghala la mahindi, kuna chumba kidogo ambacho zamani mama alikuwa akiwekea majembe. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa waya, kwa nje. Chini ya ukuta wa chumba hicho, usawa wa goti, tofali moja lilikuwa limetolewa, na kwenye tundu ilikuwapo sahani ya bati yenye mabaki ya uji.

Harufu ilinifikia kabla sijamaliza kuufungua waya. Niliijua. Nimefanya kazi nayo miaka mingi.

Baba alikuwa amelala juu ya magunia. Mguu wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa umefungwa kamba ya katani, ile ya kufungia ng'ombe, na ncha nyingine ilikuwa kwenye nguzo. Kifundo kilikuwa kimechubuka mpaka kwenye nyama. Nilipomgeuza nikakuta kidonda nyongani, kikubwa kiasi cha kuingia kifuniko cha chupa ya chai. Hakuwa na koti, wala soksi, wala lile godoro langu. Alinitazama.

"Simu haijapigwa," alisema.

Nilidhani anaweweseka.

Niliikata kamba kwa kisu cha jikoni, nikaiweka ndani ya mfuko wa plastiki kwa kuwa nilijua itahitajika. Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikamsafisha. Mikono yangu ilifanya kazi kama ilivyofundishwa. Nilikuwa namalizia kumfunga kidonda kwa shuka lililochanwa niliposikia jembe likiwekwa chini nje. Wifi alikuwa amerudi kutoka kwenye kahawa. Nilitoka nikamkuta nyuma ya jiko, amekwisha kupiga magoti, amejifunika.

"Mumeo yuko wapi?"

"Amevuka mto, wifi. Atarudi kesho."

"Na wewe ndiye unayebaki na baba."

Alilisogeza jembe pembeni.

"Tundu lile la ukutani, nani amelitoboa?"

"Ni mimi."

"Unampitishia baba yangu chakula kwenye tundu kama mbwa, na unanijibu hivyo bila aibu."

Alivuta khanga zaidi usoni. Alisema kitu kimoja tu. "Nilikutumia mtu, wifi." Nami, kwa hasira niliyokuwa nayo, nilikisikia kama jeuri.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji. Nilimwomba karatasi, nikakaa kwenye kona ya meza yake nikaandika kurasa mbili, kwa mwandiko wangu ule ule uliosomwa mbele ya wanafunzi. Nilieleza ukubwa wa kidonda, hali ya kamba, waya mlangoni, tundu. Niliandika kwamba mke wa mdogo wangu, wakati mumewe yuko safarini, aliingia chumbani kwa mzee, akamfunga na kumnyima huduma. Nilitia saini na kuandika cheo changu chini yake. Mtendaji alisema kesho asubuhi wote tufike ofisini, na mzee aletwe. Nilikaa na baba mpaka kulipokucha.

Kiti cha magurudumu tulikikuta juu ya dari ya ghala, kimefunikwa kwa nailoni yake. Nilimsukuma baba mwenyewe mpaka ofisini. Mdogo wangu alikuwa amefika alfajiri na alikwisha kuelezwa. Alinijia kwa mikono miwili, macho mekundu.

"Dada, nimeaibika," alisema. "Mimi nahangaika huku na huku kutafuta riziki, kumbe nyumbani nimefuga nyoka. Nilimwamini."

Nilimshika begani. Huyu nilimbeba mgongoni tulipokuwa tunakwenda kisimani. Nilimwamini kuliko nilivyoamini macho yangu.

Wifi hakuingia ofisini. Alisimama nje, upande wa dirisha, akiwa ametupa mgongo. Kwenye mabenchi ya nje walikuwapo wanaume kadhaa waliofuata mashauri yao na sasa walikuwa wanafuata letu. Mtendaji alivaa miwani akasoma kurasa zangu zote mbili.

"Dada nesi, umeandika vizuri," alisema. "Hata wilayani hawaandiki hivi. Lakini hapa kuna mstari. 'Aliingia chumbani kwa mzee, akamfunga.' Nani aliingia?"

"Huyo hapo nje."

"Mkamwana aliingia kwa baba mkwe wake?"

"Kama si yeye ni nani?"

Kicheko kilianzia kwenye benchi. Mzee mmoja akasema, bila kupandisha sauti, "Kumbe huko Kitwe wakamwana wanawaogesha wakwe." Mwingine akamwitikia, "Muache, amekaa sana Zambia."

Ndipo nilipokumbuka, na aibu ilinipanda kuanzia kwenye nyayo. Kwetu, wilaya ya Ileje, mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Wakikutana njiani, yeye huingia porini mpaka mzee apite. Hali naye, hatamki jina lake, hakanyagi alipolala. Hata waliokwisha kubatizwa, kama yeye, wengi bado wanaushika mwiko huo, na mwanamke akiuvunja hupoteza heshima kwao na kwa mumewe. Babu yangu alikufa kabla sijazaliwa, kwa hiyo sikumwona mama akiushika, na niliondoka kabla ya kuolewa. Lakini nilikuwa naujua. Watu wote waliokuwa pale walijua kwamba mwanamke yule hajawahi kuuona uso wa baba yangu. Kujificha kwake jikoni kulikuwa adabu, na mimi nilikuwa nimekusoma kama dharau miaka sita mfululizo.

"Sasa tundu alilitoboa kwa nini?" mtendaji aliuliza, akigeukia dirisha.

Sauti ya wifi ilikuja kutoka nje. Alisema bila kugeuka.

"Mume wangu akisafiri anafunga mlango kwa waya. Siku mbili, siku tatu. Hata kama angeacha wazi, mimi siruhusiwi kuingia. Nilitoa tofali ili nipitishe chakula kwa mkono, bila kumwona. Huwa nasukuma sahani, yeye anavuta."

"Na kamba?"

"Kamba anafunga mume wangu. Nasikia. Anampiga kwa ndala, nasikia pia. Jiko liko karibu."

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani, mheshimiwa? Kwetu ni mbali, na alisema nikisema ataniua. Nilimtumia wifi mtu. Nilisema aje bila kupiga simu."

Nilimgeukia mdogo wangu. Nilitaka akane. Hata wakati ule, mfuko wenye kamba ukiwa mikononi mwangu, nilitaka akane kwa maneno ambayo ningeweza kuyaamini. Yeye hakunitazama. Alimtazama mtendaji, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Mheshimiwa, mzee ana matatizo ya akili," alisema. "Anajikokota nje usiku, anaweza kutumbukia mtoni. Kumfunga ni kumlinda. Hayo ya kupigwa anayatunga kichwani, na huyu mwanamke anayasikia kwa mzee mwenyewe. Si maneno yangu haya. Dada yangu ni nesi, ana stashahada. Yeye mwenyewe alimpima, akaniambia ubongo wa mzee umekosa damu, akisema kitu cha ajabu tusibishane naye. Muulize. Yuko hapo."

Nimewahi kuibiwa, mpakani na kwingineko. Nimewahi kuachwa na mwanaume niliyekuwa nimemnunulia suti ya harusi. Hakuna kilichonipata kama maneno yale. Alikuwa ameyatunza. Nilimpa kwa upendo karibu na jiko, naye akayaweka mahali pazuri kama mtu anavyoweka hati, akijua siku yake itafika.

Mtendaji alivua miwani. "Dada nesi, nielewe. Mtu wa kusema nani alimfunga ni mzee. Kama hana akili timamu, siwezi kuandika neno lake hata moja. Huyu mwanamke hakuona kwa macho, alisikia tu. Basi mzee atarudi nyumbani kwake, na nyumba iko chini ya huyu bwana. Ulimpima? Ulisema hivyo?"

Baba alikuwa ananitazama. Safari hii macho yake hayakwenda kwa mwanawe kwanza.

Ofisi ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Wengi wao walikuwa wamewahi kusimama uwanjani kwetu kunipokea.

"Nilisema," nilijibu. "Lakini sikumpima. Sikumuuliza hata swali moja. Aliniambia anafungwa mguu, nikamkatiza. Nilitaka iwe ugonjwa."

"Niandike hivyo?"

"Naandika mwenyewe."

Nilichukua kurasa zangu mbili nikazichana. Nikaandika moja mpya. Niliandika kwamba mgonjwa alinieleza kwa ufasaha kwamba anafungwa, na kwamba mimi, mwenye stashahada ya uuguzi, nilipuuza na kumpa mtuhumiwa maelezo ya uongo aliyoyatumia baadaye. Niliandika kuhusu soksi, blanketi lenye mikunjo ya dukani, wino kwenye dole gumba. Niliandika kwamba mke wa mtuhumiwa alijaribu kutoa taarifa na mimi nikamdharau. Mwandiko haukuwa mzuri.

Mtendaji alipiga simu Itumba. Kabla ya saa nane mchana alifika afisa ustawi wa jamii kwa pikipiki, binti mdogo, umri wa kuwa mwanangu. Alitutoa wote nje, mimi na mdogo wangu pamoja, akabaki na baba na mtendaji. Mlango ulifungwa lakini dirisha lilikuwa wazi, na sisi tulisimama mita chache kutoka pale wifi aliposimama, kwa hiyo tulisikia. Alimuuliza jina lake, idadi ya watoto aliowazaa, mwaka gani shamba la kahawa lilipandwa, leo ni siku gani ya juma. Baba alijibu yote, polepole. Yule binti alimsubiri. Palipokuwa na kimya kirefu hakukijaza na maneno yake. Hicho tu ndicho alichonizidi, na kilitosha.

"Nani anakufunga, baba?"

"Mwanangu. Wa mwisho." Kisha akaendelea kidogo kidogo. Ndala. Waya. Siku aliyoshikwa kidole kikachovywa wino, akakandamizwa kwenye karatasi ambayo hakusomewa. Baadaye tulikuja kujua kwamba nusu ya kahawa ilikuwa imekwisha kuuzwa.

"Unaogeshwa?"

"Simu ya mama ikipigwa."

"Simu gani?"

"Binti yangu akipiga simu kwamba anakuja, ndipo naogeshwa. Navalishwa. Nalala kwenye godoro siku mbili. Nilikuwa naisubiri simu."

"Mbona hukumwambia binti yako?"

"Nilimwambia."

Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi, na sketi yangu ya ofisini. Nilipoinua kichwa mdogo wangu hakuwapo tena. Polisi walipofika jioni walikuta ameshavuka mto, na tangu siku hiyo hajarudi. Ndugu zetu wa ukoo walinipigia simu mmoja baada ya mwingine wakiuliza ni mtoto gani anayemkimbiza ndugu yake wa tumbo moja nchi ya watu kwa karatasi ya serikali. Binamu yangu mmoja alisema nimewasaliti. Nilikuwa nalijua neno hilo kuliko yeye.

Lakini hilo lilikuja baadaye. Mchana ule binti wa ustawi alituita ndani na kuuliza mzee ataishi wapi. Nilikuwa na jibu. Nyumba yangu Tunduma ina vyumba vinne, sakafu ya vigae, maji ndani. Nilianza kueleza.

"Tumuulize yeye," alisema.

Baba hakufikiri sana. "Nitabaki kwangu. Yule wa dirishani atanitunza."

"Ni mkamwana, mzee," mtendaji alimkumbusha.

"Miaka miwili nazungumza naye kwenye tundu. Ananiuliza kama nimeshiba." Kisha akanigeukia mimi. "Nitafutie kuku."

Hakuna aliyekumbuka namna ya kuuondoa mwiko huo, wala kama uliwahi kuondolewa. Mzee wa kwenye benchi alisema haiwezekani. Baba alijitungia utaratibu wake mwenyewe. Nilinunua tetea mweupe nyumba ya tatu kutoka ofisini, nikampa. Alimshika kwa mkono wa kushoto, nikakisukuma kiti mpaka dirishani, akamtoa nje. Wifi alinyoosha mikono nyuma, akampokea bila kugeuka. Alikaa naye kifuani kwa muda, kuku anapiga kelele. Halafu akateremsha khanga kutoka kichwani hadi mabegani, akageuka, akamtazama baba yangu usoni kwa mara ya kwanza. Mzee wa kwenye benchi aliinuka akaenda zake.

Baba aliishi miaka mitatu zaidi. Kidonda kilipona baada ya miezi minne, na sikukiponya mimi. Nilimfundisha wifi namna ya kugeuza na kusafisha, naye alijifunza haraka kuliko wauguzi wanafunzi wengi niliowaona wodini. Nilitaka kuliziba tundu kwa saruji, baba akakataa. Alisema linaingiza hewa.

Nilikwenda kila wiki, siku tofauti, bila kupiga simu. Nilimkuta safi kila mara, wakati mwingine wakicheka mambo ambayo hawakunieleza. Nilisimama mlangoni na kusema, "Shikamoo, baba." Alinitazama kwa upole, maana hakuwa mtu wa kinyongo, akaniitikia kama alivyoniitikia tangu siku ile mpaka alipokufa.

"Marahaba, nesi."